"CV Mpya Mwisho Kabisa 2": Namna ya Kupanga Mafaili kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Swali huja limevaa nguo tofauti, lakini mwili ni uleule. "Niliandika barua ya maombi ya kazi jana usiku, nikaihifadhi vizuri tu, leo asubuhi siioni." "Mwanangu anaomba mkopo wa chuo. Cheti chake cha kuzaliwa nilikiskani mwenyewe mwaka jana, sasa kimekwenda wapi?" "Kompyuta imejaa, nifute nini?" Wanaouliza ni walimu, kina mama wenye biashara ndogo, wastaafu walionunuliwa kompyuta na watoto wao, na hata vijana waliomaliza chuo ambao hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba faili lina mahali linapokaa.

Jibu langu huwashangaza wengi: tatizo si folda. Mtu akiambiwa apange mafaili, mbio anatengeneza folda thelathini, na baada ya mwezi folda zenyewe zinahitaji kutafutwa. Kinachotafutika ni jina. Faili lenye jina zuri utalipata hata likiwa limetupwa mahali pabaya, lakini liitwalo "scan0014" halitapatikana hata ulijengee folda ya dhahabu. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye majina, folda tutazipitia tu.

Nitazungumzia kompyuta zenye Windows, kwa kuwa ndizo zilizojaa majumbani. Maneno kama Desktop na Downloads nitayaacha yalivyo, maana ndivyo utakavyoyaona kwenye skrini. Mwenye Mac asiondoke: ushauri ni uleule, vitufe ndivyo vinavyotofautiana.

## Kabla hujagusa chochote

Fanya haya matatu kwanza. Usiruke hata moja.

1. Chomeka flashi kubwa au diski ya nje, kisha nakili folda za Desktop, Documents, Downloads na Pictures kama zilivyo, uchafu na yote. Ukiharibu kitu wakati wa kupanga, utakirudisha kutoka hapo. Kaa na nakala hiyo mwezi mzima.
2. Usiingie kwenye folda zinazoitwa Windows, Program Files, ProgramData wala AppData. Hizo si zako, ni za kompyuta. Ukizipanga "vizuri", programu zitagoma kufunguka.
3. Usifute chochote siku ya kwanza. Kupanga ni kazi moja na kufuta ni nyingine, na anayezifanya kwa pamoja ndiye anayenipigia simu usiku.

Najua utasema: "Lakini mimi kompyuta imejaa, kufuta ndiko ninakotaka." Barua ya kurasa mbili haifiki hata sehemu ya kumi ya MB moja. Ukifuta barua zako zote za miaka kumi hutaona tofauti. Kilichojaza kompyuta ni filamu, video za harusi na programu ulizopakua ukazisakinisha, kisha ukayaacha mafaili yake ya kusakinishia yamelala Downloads. Fungua Downloads, panga kwa ukubwa, halafu tazama kumi ya juu. Mara nyingi mwizi wa nafasi yumo humo.

## Faili limekwenda wapi?

Faili halipotei. Limekaa mahali ambapo kompyuta ilichagua, kwa sababu wewe hukuchagua. Makazi ya kawaida ni haya:

- Ulichopakua kwenye intaneti, barua pepe au WhatsApp ya kompyuta: Downloads.
- Ulichoandika kwenye Word ukabonyeza Save bila kutazama: Documents, au Documents iliyo ndani ya OneDrive.
- Ulichoskani: Documents au Pictures, mara nyingi ndani ya folda iliyotengenezwa na programu ya skana yenyewe.
- Picha ya skrini uliyopiga kwa kitufe cha Windows na PrtSc: Pictures, ndani ya folda ya Screenshots.

Ukiwa unatafuta kilichopotea, fuata mpangilio huu:

1. Fungua programu uliyotumia, mathalani Word, kisha nenda File, Open, Recent. Mafaili uliyofungua karibuni yatajipanga hapo. Njia hii pekee hurudisha barua nyingi zilizoliliwa.
2. Ikishindikana, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E. Bofya This PC, kisha juu kulia andika neno lolote unalokumbuka kwenye jina. Hukumbuki? Andika *.docx kwa faili la Word au *.pdf kwa PDF, halafu panga kwa tarehe ya kubadilishwa. Kompyuta ya zamani itachukua muda, iache.
3. Chungulia pipa la taka, yaani Recycle Bin.

Likionekana, bofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open file location, uone lilikuwa limelala wapi. Ukilifungua moja kwa moja ukafurahi na kulifunga, kesho utalitafuta tena.

Kuna upotevu mmoja wa kweli ambao sina dawa yake. Mtu anatumiwa faili la zip, analifungua bila kulitoa ndani ya mfuko wake, anajaza fomu saa nzima, anahifadhi, anafunga. Akirudi anakuta fomu tupu. Alikuwa akiandika kwenye nakala ya muda ambayo kompyuta huiweka pembeni. Toa kwanza kilichomo kwa kuchagua Extract All, ndipo ufanye kazi. Hali kadhalika kiambatisho cha barua pepe: kihifadhi kwanza, kifungue baadaye.

Anza pia mazoea mapya. Kabla ya kubonyeza Save, inua macho usome mstari wa juu unaotaja folda. Kwenye Word, kitufe cha F12 kinakuletea dirisha la kuchagua mahali na jina kwa pamoja. Sekunde tatu tu.

## Jina ndilo kazi yenyewe

Ukienda ofisi ya serikali kuulizia barua yako, karani wa masjala hakuulizi karatasi ilikuwa na rangi gani. Anataka kumbukumbu namba na tarehe. Ndiyo maana barua zetu rasmi huwa na "Kumb. Na." pale juu. Karani hana akili nyingi kukushinda; ana utaratibu wa kuyapa mafaili majina yasiyogongana. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na jina la faili ndilo daftari lako.

Utaratibu ninaoupendekeza una vipande vitatu: tarehe, kitu, mhusika. Tarehe ianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku: 2025-01-13. Wengi hulipinga hili kwa sababu hatusemi hivyo midomoni. Lakini ukianza na siku, tarehe mosi za miezi yote zitakaa pamoja na mpangilio utavurugika. Ukianza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe kuanzia la zamani hadi jipya, kwenye kompyuta, kwenye simu na hata kwenye televisheni.

Tazama mifano:

- scan0014.pdf iwe: 2025-01-13 risiti ada muhula wa kwanza.pdf
- Document1.docx iwe: 2025-02-03 barua maombi kazi ya ualimu.docx
- IMG_2231.jpg iwe: 2024-07-01 mkataba wa pango uk 1.jpg
- WhatsApp Image 2024-12-28 at 16.40.11.jpeg iwe: 2024-12-28 sendofu ya dada 01.jpeg

Tarehe inayotakiwa ni ya hati yenyewe, si ya siku uliyoiskani. Risiti ya Januari uliyoiskani Juni ni risiti ya Januari.

Si kila kitu kinahitaji tarehe. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, hati ya TIN: hivi havina toleo la mwaka huu na la mwaka jana. Andika tu "Cheti cha kuzaliwa" na jina la mwenyewe. Pasipoti na bima ni tofauti, kwani huisha muda. Hapo tarehe ninayoiweka kwenye jina ni ya mwisho wa matumizi: "Pasipoti Mama mwisho 2031-05". Siku nikipita nikaliona, nakumbuka.

Makosa ninayokutana nayo kila mara:

- Neno "mwisho". CV mpya, CV mpya mwisho, CV mpya mwisho kabisa, CV mpya mwisho kabisa 2. Hakuna mwisho katika maisha ya CV. Tumia tarehe, na yenye tarehe kubwa ndiyo mpya.
- Alama zilizokatazwa. Windows haikubali alama hizi kwenye jina: \ / : * ? " < > |. Ndiyo sababu ukiandika 13/01/2025 inakukatalia. Tumia kistari.
- Kufuta mkia wa jina. Ile .docx au .pdf mwishoni ndiyo inayoieleza kompyuta ilifungue faili kwa programu gani. Ukiifuta, faili halifunguki. Lenyewe ni zima ila limekosa mwenyeji. Likikutokea, bonyeza Ctrl na Z au urudishe mkia.
- Mkia wa uongo. Windows kwa kawaida huficha mikia. Iamuru iionyeshe: kwenye dirisha la mafaili fungua View, kisha kwenye Windows 11 bofya Show, weka tiki kwenye File name extensions. Ukiona faili "risiti.pdf.exe" ujue hiyo si risiti. Ni programu, na huenda ina nia mbaya.
- Namba za (1) na (2). "Fomu (1).pdf" na "Fomu (2).pdf" maana yake umepakua kitu kimoja mara tatu.

Kubadilisha jina: bofya faili mara moja, bonyeza F2, andika, bonyeza Enter. Una picha arobaini za tukio moja? Zichague zote, bonyeza F2, andika jina moja. Windows itazipa namba zenyewe.

Na kidokezo kwa wanaotafuta kazi. Faili linalobaki nyumbani lipe jina linalokufaa wewe, linalosafiri lipe jina linalomfaa anayelipokea. Mwajiri anaweza kupokea mafaili mia moja yaitwayo "CV". Lako liwe na majina yako mawili na kazi unayoiomba.

## Folda: chache, na zisiwe na kina

Tengeneza folda moja mama, iite NYUMBANI. Kama kompyuta yako ina diski D, iweke huko. Kama ina C peke yake, iweke ndani ya Documents. Ndani yake weka hizi:

- 1 Watu: kila mtu wa nyumbani na folda yake, humo vyeti, vitambulisho, bima na mambo ya hospitali.
- 2 Nyumba na mali: hati ya kiwanja, mkataba wa pango, kadi ya gari, risiti za vitu vyenye garantii.
- 3 Fedha: kodi, benki, mikopo, kikundi, ada. Hapa gawa kwa mwaka.
- 4 Kazi na biashara.
- 5 Picha.
- 6 Ya kupanga: kibaraza cha vitu ambavyo hujapata nafasi ya kuviamua.

Namba za mbele zinaizuia kompyuta isizipange folda kwa alfabeti. Unaweka juu unayoitumia sana.

Halafu linakuja swali ambalo kila mtu hukwama: risiti ya ada ya mtoto ikae kwenye Watu au Fedha? Usiulize risiti ni ya aina gani. Jiulize, mhasibu wa shule akipiga simu sasa hivi akisema ada haijaonekana, mkono wangu utakwenda folda ipi kwanza? Iweke hiyo. Mimi ni Fedha, mke wangu angesema ya mtoto, na kwa kuwa kompyuta anaitumia zaidi yeye, risiti zetu ziko kwa mtoto. Usiiweke kote kuwili. Nakala mbili huanza zikiwa sawa, ukirekebisha moja unasahau nyingine, na siku ya kuchapa unachapa ile mbovu.

Epuka pia haya:

- Folda ya "PDF", folda ya "Word", folda ya "Excel". Hakuna anayeamka asubuhi akasema leo nahitaji PDF, anahitaji mkataba.
- Folda ya "Flashi ya zamani" au "Vitu vya kompyuta ile". Hizo ni historia za mafaili, wala hazisaidii kuyapata.
- Folda ndani ya folda ndani ya folda. Ukishaingia NYUMBANI, ukifungua mara tatu hujafika, umechimba kisima.
- Folda yenye faili moja. Subiri yafike matano hivi.

## Kuhamisha bila kuumia

1. Chagua faili. Ukitaka mengi yaliyotawanyika, shikilia Ctrl ukibofya moja moja.
2. Bonyeza Ctrl na X kukata. Faili litapauka lakini halijaondoka.
3. Nenda folda mpya, bonyeza Ctrl na V.
4. Hakikisha limefika. Ukikosea, Ctrl na Z inarudisha.

Kuburuta kwa mausi ni rahisi lakini kuna mtego. Ukiburuta ndani ya diski moja, Windows inahamisha. Ukiburuta kutoka diski moja kwenda nyingine, mfano C kwenda D au kwenda flashi, inanakili na kuacha la zamani palepale. Ndivyo watu wanavyojikuta na kila kitu mara mbili.

Dirisha likitokea kukuambia kuna faili lenye jina hilo tayari, usibonyeze Replace kwa mazoea. Replace hufuta lililokuwepo. Chagua kulinganisha, au batilisha ubadilishe jina kwanza.

Na kumbuka: ukifuta kwa Shift na Delete, au ukifuta kitu kilicho kwenye flashi, hakipiti kwenye pipa la taka. Kimekwenda.

## Picha zina tabia zake

Picha usizipange kwa watu. Picha moja ya Krismasi ina watu kumi na wawili. Itakaa folda ya nani? Zipange kwa mwaka, na ndani ya mwaka kwa tukio: 2024-12 Krismasi kijijini, 2025-04 Ubarikio. Ambazo hazina tukio, ziwekee folda ya mwezi.

WhatsApp inastahili onyo. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na tarehe ya kupigwa iliyofichwa ndani yake huondolewa. Jina kama IMG-20250412-WA0007 linakuambia siku uliyoipokea, si siku iliyopigwa. Picha ya harusi ya wazazi wako iliyotumwa jana itaonekana ni ya jana. Kwa hiyo ukitaka picha ya kutunza, mwombe mwenyewe aitume kama hati, siyo kama picha.

Video ya harusi nayo ina kisa chake. Watu huniambia flashi ina nafasi ya GB 20 lakini inakataa video ya GB 6. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Hamisha vilivyomo, iformati kwa exFAT, itapokea. Kuformati hufuta kila kitu, ndiyo maana nimesema uhamishe kwanza.

## Fundi, flashi na steshenari

Niliwahi kupeleka kompyuta kwa fundi ikiwa nzito. Akaniuliza swali zuri kabisa: "Kuna vitu vya maana humu ndani?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Viko D, C piga tu." Alipiga Windows upya. Nilichokuwa sijui ni kwamba Desktop, ile niliyokuwa naitazama kila siku, inakaa ndani ya C. Picha za msiba wa baba, kazi ya miezi minane, vyote vilikuwa juu ya Desktop. Fundi hakuwa na kosa. Aliuliza, mimi nikajibu nisilolijua.

Kwa hiyo, kabla kompyuta haijatoka nyumbani:

- Nakili NYUMBANI, Desktop, Documents, Downloads na Pictures kwenye diski ya nje, ubaki nayo nyumbani.
- Fungua mafaili matatu manne kwenye hiyo diski kuhakikisha yanafunguka.
- Mwambie fundi kwa maneno au kwa kumwandikia kipi asiguse.

Hili lina haraka kuliko zamani. Microsoft iliacha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wanaohamia Windows 11 wakati mwingine husafishiwa diski nzima.

Wala usifarijike na D. Kwenye kompyuta nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, ni diski moja iliyogawanywa. Ikiungua, vimeungua vyote.

Flashi inayokwenda steshenari kuchapishwa isiwe ndiyo ghala lako. Weka juu yake faili unalolichapa tu, ikiwezekana kwa PDF ili herufi zisihame. Ukirudi ukakuta folda zako zimegeuka njia za mkato zenye vishale vidogo, usizibofye: ni kirusi, na kuzibofya ndiko kukiingiza nyumbani. Mara nyingi vitu vyako havijafutika, vimefichwa. Washa Hidden items kwenye View, huenda ukaviona, kisha isafishe flashi kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuvihamisha.

## Kompyuta moja, watu watano

Kila anayeitumia apewe akaunti yake, yenye nenosiri lake. Mtoto akicheza kwenye akaunti yake, inayochafuka ni Desktop yake, si yako. Ila ujue diski D huonwa na wote. Na lile faili liitwalo "password" lenye namba za siri za benki, lililokaa katikati ya Desktop, liondoe leo. Ziandike kwenye daftari, ulifungie kabatini.

## "Lakini mimi..."

"Kuna kitafutio, folda za nini?" Kitafutio kinatafuta neno. Kama hujaliandika kwenye jina, hasa kwa picha na hati za kuskani, hakina cha kukuonyesha.

"Vitu vyangu viko Google Drive, viko salama." Ni vizuri, na GB 15 za bure zinatosha hati za familia, ingawa nafasi hiyo unaigawana na Gmail na picha. OneDrive inatoa GB 5. Lakini kinachosawazishwa si nakala rudufu: ukifuta kwenye kompyuta, kinafutika na kule. Kinakaa kwenye taka siku 30, halafu basi. Uwe na diski ya nje pia.

"Nina mafaili elfu nne, nitaanzia wapi?" Usianzie. Chukua yote yaliyopo, yatupe ndani ya folda moja, iite "Zamani hadi leo". Kuanzia kesho kila faili jipya lipate jina na mahali. La zamani utalipa jina siku utakapolihitaji. Mengi hutayahitaji kamwe, na hiyo ni habari njema.

"Nikipanga, wenzangu watavuruga." Watavuruga. Waonyeshe folda moja tu, ile ya 6 Ya kupanga, waambie waweke humo. Wewe ndiye karani wa masjala.

## Dakika kumi za Jumamosi

Downloads ni mgeni, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hulifanya hili Jumamosi asubuhi, chai ikipoa:

1. Fungua Downloads, panga kwa tarehe. Yenye maana yape jina uyapeleke kwao, yaliyobaki futa.
2. Desktop ibaki na vitu visivyozidi kumi, vile unavyovifanyia kazi wiki hii.
3. Pitia 6 Ya kupanga.
4. Mara moja kwa mwezi, nakili NYUMBANI kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa itapigwa na radi ileile na kuibwa na mwizi yuleyule. Ukiweza, nyingine ikae kwa ndugu.

Ukikosa Jumamosi mbili usianze upya wala usijilaumu, endelea na ya tatu.

Na kama huna dakika kumi leo, tumia mbili: kabla hujazima kompyuta, tafuta cheti chako cha kuzaliwa, bonyeza F2, ukipe jina lake.